Mcheza kwao hutunzwa, ila kwa njia ipi? Ulinganisho wa njia za kuwapa wafanyabiashara wa kaunti kipaumbele katika zabuni

Kila msimu wa bajeti hoja ni ileile. Mwakilishi wadi anasimama katika bunge la kaunti na kuuliza kwa nini meza za chekechea zimeletwa kwa lori kutoka Nairobi, ilhali mafundi seremala wamejaa pale sokoni na kazi hawana. Wenzake wanapiga meza. Afisa wa ununuzi anajibu kwa kusoma Kifungu cha 227 cha Katiba: ununuzi wa umma sharti uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Mjadala unafungwa hapo, na mwaka unaofuata lori linarudi.

Kifungu hicho husomwa nusu. Sehemu yake ya pili inalitaka Bunge litunge sheria yenye makundi ya kupewa kipaumbele, na sheria hiyo ipo tangu 2015: Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali. Kwa hivyo kaunti haihitaji kuuliza kama inaruhusiwa kumtunza mcheza kwao. Kazi ngumu ni kuchagua namna ya kumtunza, kwa sababu njia zipo kadhaa na kila moja humnufaisha mtu tofauti. Nimewahi kupeleka samani kwa kaunti moja, na tangu hapo nikisikia kiongozi akisema "tutawapa watu wetu tenda", kwanza huuliza: watu gani, na kwa njia ipi?

(Tuna tatizo dogo la lugha pia. "Upendeleo" kwetu ni tusi. Ni shangazi wa bosi kupewa kazi. Kwenye sheria ya ununuzi neno hilo halina doa, mradi kigezo kimeandikwa kwenye hati za zabuni kabla bei hazijafunguliwa. Kigezo kikizuka baada ya bahasha kufunguliwa, basi turudi kwenye maana ya shangazi.)

Kilichopo tayari

Kabla ya kubuni jipya, kaunti ina mambo mawili mkononi. La kwanza ni asilimia 30 ya thamani ya ununuzi wa kila mwaka, inayotengewa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wengi wanaijua kwa jina la AGPO, mpango uliozinduliwa 2013. Ili kupata cheti chake, angalau asilimia 70 ya wanachama au wenye hisa wawe wa kundi husika, na uongozi wote uwe wao. La pili halisemwi sana: Kifungu cha 33 cha sheria ya 2015 kinaitaka hazina ya kaunti ihakikishe kwamba angalau asilimia 20 imetengewa wakazi wa kaunti hiyo.

Hapa tayari kuna mtego. Kikundi cha vijana wa papo hapo chenye cheti cha AGPO kinaweza kuhesabiwa kwenye asilimia 30, kisha kikahesabiwa tena kwenye asilimia 20. Ripoti inapendeza, shilingi haijaongezeka. Mtego wa pili ni kuhesabu idadi ya zabuni badala ya thamani. Kaunti inaweza kuwapa wakazi zabuni themanini za chai, bahasha na hema za mikutano, kisha ikampa mtu mmoja wa mbali barabara inayozidi zote themanini kwa thamani. Ukiambiwa asilimia, uliza asilimia ya nini.

Zabuni moja, kanuni tofauti

Maneno matupu hayatatufikisha mbali, kwa hivyo tuchukue mfano wa kubuni. Kaunti inataka seti 1,000 za meza na viti vya chekechea, kwa kuwa elimu ya awali ni jukumu la kaunti. (Nafuu ya bei kwenye jedwali ni punguzo la kwenye karatasi ya tathmini tu; nitaieleza hapa chini.) Wazabuni watatu wametimiza masharti yote:

- Kampuni ya Nairobi yenye kiwanda: shilingi 9,200,000.
- Mkazi mwenye duka la samani, ambaye naye hununua Nairobi: shilingi 9,700,000.
- Mkazi mwenye karakana, anayeranda na kuunga mwenyewe: shilingi 9,900,000.

| Kanuni | Anayeshinda | Kaunti inalipa | Nyongeza |
|---|---|---|---|
| Ushindani wazi | Kampuni ya Nairobi | 9,200,000 | 0 |
| Zabuni imetengewa wakazi | Mwenye duka | 9,700,000 | 500,000 |
| Nafuu ya bei ya asilimia 10 kwa mkazi | Mwenye duka | 9,700,000 | 500,000 |
| Nafuu ya asilimia 10 kwa kilichotengenezwa ndani ya kaunti | Mwenye karakana | 9,900,000 | 700,000 |

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Yule fundi aliyetetewa na mwakilishi wadi bungeni hajapata kitu. Aliyepata ni mwenye duka, na lori la Nairobi limekuja vilevile, tofauti ni kwamba limepitia kwa mkono mwingine ulioongeza nusu milioni. Simlaumu mwenye duka. Naye ni mkazi, analipa leseni, ameajiri vijana wawili wa kupakua. Lakini kama nia ilikuwa kuzipa karakana kazi, kanuni inayotazama anwani ya mzabuni haitafika huko. Kanuni inayotazama mahali kitu kilipotengenezwa ndiyo inayofika, na ni ghali zaidi. Chagua ukijua hivyo.

Kutenga zabuni

Uzuri wa kutenga ni kwamba kila mtu anaelewa. Zabuni hii ni ya wakazi tu, basi. Mfanyabiashara mdogo hajipimi na kampuni kubwa, na aliye kwenye mpango wa AGPO hata dhamana ya zabuni ya benki haitakiwi kwake. Anajaza fomu ya tamko. Kwa mtu ambaye benki ingemtaka aweke hati ya shamba, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Ubaya wake ni idadi ya wazabuni. Kwenye kaunti yenye wauzaji wengi wa vyakula, kutenga zabuni ya maharagwe na mboga za hospitali hakuui ushindani. Kuna wakulima, kuna madalali, kuna vyama vya ushirika, bei itabaki na adabu. Lakini tenga zabuni ya mashine za eksirei kwenye kaunti yenye wauzaji wawili wa vifaa hivyo, na hao wawili wakiwa mtu na shemeji yake, halafu uone bei. Sheria yenyewe inasema zabuni zilizotengwa ziruhusu ushindani baina ya wanaostahili. Kwa hivyo kipimo changu ni rahisi: kabla ya kutenga, hesabu wanaoweza kuifanya kazi hiyo bila kuwa na mmiliki mmoja nyuma yao. Fomu ya wamiliki halisi wa kampuni ipo kwenye hati za zabuni, nayo isomwe, isiwe ya kubanwa kwenye faili tu. Wakiwa chini ya watano, ningesita. Wakiwa chini ya watatu, ningeacha.

Nafuu ya bei

Nafuu ya bei inaeleweka vibaya kuliko njia zote, hata na wanaoipigia kura. Wengine hudhani mkazi anaongezewa asilimia 10 ya malipo, wengine hudhani anakatwa asilimia 10. La hasha. Nafuu hutumika wakati wa kulinganisha tu. Bei ya mwenye karakana, 9,900,000, inapunguzwa kwenye karatasi ya tathmini hadi 8,910,000, inapita chini ya 9,200,000 ya Nairobi, anashinda. Mkataba unaandikwa kwa bei yake mwenyewe, 9,900,000.

Kinachonivutia hapa ni kwamba gharama ya kipaumbele inaonekana kwa macho. Ni shilingi 700,000, inaweza kuandikwa kwenye ripoti na mwananchi akauliza kama inafaa. Kwenye zabuni iliyotengwa hatujui kamwe mtu wa nje angetoa bei gani, kwa hivyo gharama inabaki gizani. Pia nafuu ina kikomo: mkazi akizidisha bei mno, asilimia 10 haimwokoi.

Udhaifu wake ni kwamba haimsaidii mdogo kabisa. Fundi mwenye nyundo na misumari hapotezi kwa asilimia 10. Anapotezwa na masharti ya mauzo ya miaka mitatu iliyopita, hesabu zilizokaguliwa na dhamana ya benki. Hafiki kwenye hatua ya bei, na nafuu huanza kufanya kazi kwenye hatua hiyo. Ni chombo cha biashara za kati.

Tahadhari moja: viwango vya nafuu ambavyo sheria ya kitaifa inatambua vinalenga zaidi bidhaa za Kenya na kampuni zenye hisa za Wakenya, dhidi ya za nje ya nchi. Kaunti haiwezi tu kuamka na kuandika "asilimia 10 kwa mzaliwa wa hapa" kwenye tangazo lake. Mfumo wa ununuzi wa umma umewekwa mikononi mwa Bunge, na mzabuni aliyeonewa ana siku 14 za kwenda kwenye Bodi ya Rufaa za Ununuzi wa Umma. Kesi hizo zinaweza kuuchelewesha mradi. Kwa ngazi ya kaunti, mlango uliofunguliwa wazi na sheria ni ule wa kutenga.

Kuna wanaopendekeza kumpa mkazi nafasi ya kushusha bei yake ifikie ya mshindi wa nje. Kwetu haiwezekani, maana sheria ya 2015 inasema bei iliyosomwa siku ya kufungua zabuni ni ya mwisho, haisahihishwi wala hairekebishwi. Tusipoteze muda hapo.

Kugawa kazi vipande

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na nitakiri kwamba ni kwa sababu ndiyo iliyoniingiza kwenye biashara. Badala ya seti 1,000 kwa mtu mmoja, tangaza zabuni moja yenye mafungu 20 ya seti 50, kila fungu likipelekwa wadi yake. Fungu moja sasa ni chini ya nusu milioni. Mwenye karakana anaomba matatu, anayaweza. Kampuni ya Nairobi nayo iko huru kuomba, ila sasa inakabiliwa na usafiri wa kupeleka seti 50 huku na 50 kule kwenye barabara za vumbi, na ghafla bei yake si ile. Hakuna aliyefungiwa mlango wala asilimia iliyotamkwa. Mwenyeji anashinda kwa kuwa yuko karibu.

Angalia lakini: kugawa huku kuko karibu sana na kosa. Sheria inakataza kupasua ununuzi ili kukwepa utaratibu, kwa mfano kuifanya kazi ya milioni 9 iwe vikaratasi vya kuomba bei kwa watu watatu unaowajua. Tofauti iko kwenye tangazo. Mafungu yote yatangazwe pamoja, kwa utaratibu unaostahili jumla yake, na kikomo cha mafungu ambayo mzabuni mmoja anaweza kushinda kiandikwe mapema.

Na kuna gharama ambayo haionekani kwenye jedwali. Mikataba 20 ni ukaguzi mara 20. Kamati ya ukaguzi na upokeaji itazunguka wadi zote, na itakuta viti vya wadi moja ni virefu kuliko vya jirani, na mbao mbichi zilizoanza kupinda kabla watoto hawajazikalia. Dawa yake ni seti moja ya kielelezo, itengenezwe kwanza, iwekwe kwenye ofisi ya kaunti ndogo, kila fundi aende na futi yake akapime. Tulipofanyiwa hivyo malalamiko yalipungua sana. Tulipopewa mchoro wa karatasi tu, kila mtu alitafsiri kivyake, nikiwemo mimi.

Masharti ndani ya mkataba mkubwa

Barabara ya lami, wodi ya ghorofa, bwawa: hizi hazigawiki hivyo, na mara nyingi kaunti haina mkandarasi wa daraja linalotakiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kumtenga mtu wa nje hapa ni kujitafutia ukuta wenye nyufa. Njia inayobaki ni kumwacha ashinde aliye bora, kisha mkataba umtake anunue mchanga, mawe na murram papo hapo, aajiri vibarua wa wadi husika, na baadhi ya kazi azipe makandarasi wadogo wa kaunti. Wazo hili si geni. Sheria tayari inawataka wazabuni wa kigeni kwenye zabuni za kimataifa wapate angalau asilimia 40 ya mahitaji yao kutoka kwa Wakenya.

Tatizo ni ufuatiliaji. Sharti ni tamu siku ya kusaini, na miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka. Vibarua wanaletwa na lori kutoka mbali wakiwa na barua za chifu za kuazima. Kaunti inayochagua njia hii iunganishe malipo na ushahidi: hakuna cheti cha malipo ya awamu bila orodha ya malipo ya vibarua kwa M-Pesa na risiti za machimbo. Kama ofisi ya ununuzi haina mtu wa kuzisoma orodha hizo, basi sharti ni mapambo.

Mkazi ni nani

Njia zote zinazotazama ukazi hukwama kwenye swali hili. Sanduku la posta? Chumba cha kukodi chenye kiti kimoja na bango jipya? Kuna kampuni hufungua "ofisi" kwenye kaunti wiki ya tangazo. Kinyume chake yuko mama aliyehamia mjini miaka ishirini iliyopita, anauza vifaa vya ujenzi, na bado anaambiwa si wa hapa kwa sababu ya jina lake. Hatari hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Kwenye ajira, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliiona mapema, ikataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Kwenye zabuni tungetumia busara hiyohiyo: kigezo kiwe biashara, kamwe kisiwe ukoo. Leseni ya biashara ya kaunti ya miaka miwili iliyopita, mahali pa kazi panapoweza kutembelewa, na wafanyakazi waliopo. Hivyo vinatosha.

Kuna na mpaka. Chukua Vihiga, kaunti ndogo iliyozungukwa na Kakamega, Nandi, Kisumu na Siaya. Fundi mzuri wa pale hawezi kuishi kwa zabuni za kaunti moja. Anawauzia majirani wote wanne. Kila kaunti ikifunga geti lake, yeye ndiye wa kwanza kuumia. Kaunti 47 zikiwa masoko 47 yaliyofungwa, wakubwa wa Nairobi watafungua matawi 47, na wadogo watabaki walipozaliwa. Kwa hiyo geti likifungwa, lifungwe kwa kazi ndogo tu.

Malipo

Nimechelewa kulitaja hili, na ningeweza kuanza nalo. Rudi kwa mwenye karakana aliyeshinda kwa nyongeza ya 700,000. Ili kununua mbao na kulipa mafundi amekopa milioni 5 kwa kuonyesha LPO (hati ya kaunti ya kuagiza bidhaa) benki, tuseme kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Kaunti ikimlipa baada ya miezi 12, riba ni 750,000. Kipaumbele chote kimeliwa, na juu yake kuna deni la elfu hamsini. Kampuni ya Nairobi ingeweza kungoja. Yeye hawezi, na mwaka unaofuata hataomba tena. Wengine hujifunza kuweka riba hiyo ndani ya bei, halafu tunashangaa kwa nini wakazi ni ghali.

Hili si jambo la kufikirika. Kufikia katikati ya 2024, ripoti za Msimamizi wa Bajeti zilionyesha kaunti zikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 150 kwa pamoja, Nairobi ikiwa na zaidi ya nusu. Nyuma ya tarakimu hizo wamo watu waliopewa tenda kwa jina la kuinuliwa.

Kwa hivyo ningekuwa na kura moja, ningeitumia hivi. Vyakula vya hospitali, sare, samani, ukarabati mdogo na usafi: tenga, au bora gawa mafungu, na fedha zake ziwe tayari kwenye akaunti kabla ya tangazo, zilipwe ndani ya siku 30. Kazi za kati zenye washindani wengi: acha ushindani wazi, punguza masharti ya mauzo ya zamani yasiyolingana na ukubwa wa kazi. Kazi kubwa: masharti ndani ya mkataba, ikiwa tu kuna wa kuyafuatilia. Dawa na mashine za hospitali: usitafute mkazi, tafuta dawa.

Na kaunti isiyoweza kulipa ndani ya miezi mitatu isitenge chochote kwa wadogo mwaka huu. Iwaachie wakubwa wenye uwezo wa kungoja, ilipe kwanza wale wadogo wanaoidai. Najua hakuna mwakilishi wadi atakayesimama kusema hivyo bungeni. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na mpango wa ununuzi wa mwaka huandaliwa kutokana nayo. Ukialikwa kwenye kikao cha kutoa maoni, omba kurasa mbili tu: orodha ya zabuni zilizotengewa wakazi pamoja na thamani ya kila moja, na orodha ya wanaodai, kuanzia deni kongwe zaidi. Zisome ukiwa umeziweka ubavu kwa ubavu. Majina mengine utayakuta kwenye kurasa zote mbili.